Virudi Kama Nilivyoviacha

Jumatatu, 3 Machi

Wiki ya tatu niko meza ya oda. Kiti cha kuegemea, feni juu ya kichwa, penseli sikioni. Miaka thelathini na tisa ya randa na msumeno, sasa kazi nafanya kwa kidole kimoja. Karakana nzima wananiita Mhandisi. Nimewaagiza mwenyewe waniite hivyo.

Siri naiandika humu tu. Kompyuta hii aliipanga binti wa mdogo wangu, karani mwenye cheo chake. Aliweka alama fulani humo ndani: ukitoka kwenye kompyuta jioni, asubuhi ukiingia, kila programu uliyoiacha wazi inarudi yenyewe. Mimi sijui kufungua hata moja. Ya nini? Zinakuja zenyewe, naendelea nilipoishia, watu wanashangaa.

Shida yangu ni Fundi Makochi. Naye huitumia kutazama mitindo ya vitambaa, na neno la siri ni moja kwa wote. Leo kanishtaki kwa Mama Mwenye Karakana. Eti kila akiingia anapokewa na takataka zangu, kompyuta inakohoa robo saa ndipo izinduke. Eti mtu akitoka atoke na vyake, ianze tupu. Nikamjibu benchi likiwa tupu ujue fundi hana kazi. Akasema benchi langu mimi hata randa haipati pa kukaa. Ana mdomo yule! Na kochi alilomshonea shemeji yangu lina nundu. Ukikaa unainama kushoto.

Jumanne, 4 Machi

Mama ameamua kwamba ataamua Ijumaa. Kila mmoja amwonyeshe njia yake, kompyuta irudishe vitu au ianze tupu. Atakayeonekana anaijua kazi ndiye wa meza ya oda. Mwingine aende msasa.

Msasa! Vumbi puani, mgongo upinde, kwa umri huu! Sirudi huko hata kwa winchi.

Nimepata mbinu. Nisipotoka, hakuna cha kurudi wala cha kupotea. Nikaiacha wazi, nikabandika karatasi: USIGUSE, INAFIKIRI. Nikaenda kunywa chai kwa maringo.

Kurudi, kioo kitupu. Bluu tupu! Fundi Makochi aliondoa ile alama ya kurudisha vitu, akatoka kwenye kompyuta, akaingia tena. Nikamuuliza kama hajui kusoma. Akasema aliisoma vizuri, ila aliona imeshamaliza kufikiri.

Nimekaa mbele ya bluu ile saa mbili nzima, nimekunja uso kama mtu mwenye hesabu kubwa. Kaja mteja anataka meza. Nikamwambia kompyuta inapoa, apite kesho. Dada wa Vanishi, anayepaka rangi pale mlangoni, kapita nyuma yangu mara tatu bila sababu. Mabega yalikuwa yanamtetemeka.

Jumatano, 5 Machi

Nimempigia simu binti yetu karani. Sikuomba msaada, hilo lieleweke. Nilimwambia nahisi amesahau alivyoipanga ile kompyuta, aje nimkumbushe.

Kaja saa ya chakula. Kabofya mahali, kaweka alama, kafungua karatasi yangu ya ODA, ile ninayoandikia wateja. Damu yangu ile! Akili za ukoo zimeanzia kwangu, baba yake alipata makombo.

Ila ana maswali. Kaniuliza, Baba mkubwa, mbona humu mna karatasi moja tu? Nikamwambia ni usafi. Akanitazama kama baba yake anavyonitazama kabla hajacheka. Akasema nielewe, kompyuta inarudisha nilichokiacha, haiokoti nilichokifuta. Nikamwambia mambo hayo niliyajua yeye akiwa bado mgongoni kwa mama yake. Akajitolea kunifundisha kufungua karatasi mpya, dakika tano tu, naomba Baba mkubwa. Nikamwambia atachelewa kazini.

Alhamisi, 6 Machi

Maandalizi makubwa! Ushindi wa kesho nautaka uwe wa kishindo. Jana nilimchungulia binti akibofya, basi nami nimebofya kila kitu chenye picha. Kikokotoo, kalenda, mchezo wa karata, kitu cha kuchorea, saa ya miji ya watu. Jumla thelathini na moja. Nikatoka, nikaingia. Zikarudi zote, moja baada ya nyingine, kama kuku jioni. Nimerudia mara sita. Raha!

Fundi Makochi kauliza mbona leo sipokei oda. Mwongo. Nimepokea moja, kitanda cha mtoto mchanga, futi nne kwa mbili. Nikaiandika pale pale kwenye karatasi ya ODA. Nikafuta vipimo vya kabati la Mwalimu, mteja wa kabla yake, nikaandika vya kitanda juu yake. Ndivyo nifanyavyo kila oda. Maisha yangu yote nimetumia kipande kimoja cha plaiwudi: andika kwa penseli, kata mbao, piga msasa, andika tena. Wengine wanajaza karatasi ovyo kama wana kiwanda chake.

Ijumaa, 7 Machi

Naandika haraka haraka. Kwa furaha, hasa.

Asubuhi wote wamesimama nyuma ya kiti changu. Mama, Fundi Makochi, Dada wa Vanishi na brashi yake. Mwalimu naye kaja, maana leo ndiyo siku ya kukata mbao za kabati lake. Fundi Makochi kaanza. Kafungua kompyuta tupu, ikabidi asake vitambaa vyake upya, katumia dakika tisa. Nilizihesabu kwa sauti.

Ikaja zamu yangu. Nikairudisha ile alama kama binti alivyonionyesha Jumatano, nikabofya picha zangu zote upya. Nikatoka, nikaingia, nikakunja mikono. Thelathini na moja! Zote! Dada wa Vanishi akapiga makofi. Mama akasema kweli, hii ni bora, mtu aendelee alipoishia, kuanzia leo iwe hivyo. Fundi Makochi akanywea.

Laiti Mama angeishia hapo! Akasema haya basi, Mhandisi, tusomee vipimo vya Mwalimu, msumeno unasubiri.

Nikasoma. Urefu futi nne, upana futi mbili.

Mwalimu akauliza kama nguo zake atakuwa anazitoa kabatini amepiga magoti. Nikamwambia ndiyo mtindo wa sasa. Akasema mtindo huo una vizuizi vya pembeni, mtoto asidondoke, vimeandikwa hapo hapo chini.

Mama akataka kuona oda nyingine. Wateja kumi na wawili wa wiki tatu. Wote wana kitanda kimoja cha mtoto mchanga.

Nikawaambia kompyuta haina kosa, imerudisha kila kitu kama nilivyokiacha. Mama akasema hilo ndilo linalomtisha. Kisha akaninyoosha kola, taratibu kabisa, akaniomba ninyanyuke kitini.

Jumamosi, 8 Machi

Msasa. Puani, kwenye kope, mpaka ndani ya chai.

Fundi Makochi yuko kwenye kiti changu, anapigia wateja simu mmoja mmoja, vipimo upya. Kanipitia akasema pole mzee wangu. Alisema kwa heshima kabisa. Mtu akinionea huruma ujue ananiogopa.

Hebu tuhesabu vizuri. Swali la Ijumaa lilikuwa nini? Vitu virudi au visirudi. Mama kasema virudi. Nani alisema virudi tangu Jumatatu? Mimi! Basi nimeshinda. Habari ya kiti ni kesi nyingine.

Binti kapiga simu kunipa pole. Nikamwambia nimejiuzulu. Akasema zile dakika tano bado zipo. Nikamwambia azitunze, atazihitaji uzeeni.

Jumatatu, 10 Machi

Habari nzito! Mama kaitisha watu wote. Analetewa mashine ya kukata mbao inayoendeshwa na kompyuta. Unaiandikia vipimo, inakata yenyewe, na ikishaanza haisimami mpaka imalize. Mbao ishirini kwa mkupuo, kasema. Akauliza nani yuko tayari.

Nilinyoosha mkono kabla hajamaliza sentensi. Dada wa Vanishi akadondosha brashi. Fundi Makochi akasogea hatua mbili nyuma, wivu mtupu.

Mama kanitazama mimi, akazitazama mbao zake. Kisha akaniambia nishushe mkono.

Hajasema hapana.