Ni Utomvu Tu

Jumamosi, 18 Septemba 2021

Mayai! Madogo, meupe, chini ya majani ya mmea wa Dorothea. Mke wangu huyo alipanda mbegu zake kwenye ndoo ya rangi, hapa uani kwetu Mount Druitt, ughaibuni, wiki moja kabla ya kwenda Lushoto kumuuguza mama yake. Februari mwaka jana. Alisema mmea huu ndio chakula pekee cha viwavi wa monaki, wale vipepeo wa rangi ya chungwa, na kwamba atakuwa amesharudi kabla kipepeo wa kwanza hajatoka. Kisha korona ikaja, mipaka ikafungwa.

Mama mkwe alipona zamani. Dorothea bado yuko Lushoto. Inasemekana mipaka itafunguliwa Novemba. Jana aliniuliza kwenye simu: arudi mara moja, au akae na mama mpaka Pasaka? Mimi mwenyewe nasemaje? Nikampa hoja saba. Tatu za kurudi, tatu za kukaa, moja dhidi ya serikali. Akasema mtandao mbaya. Mtandao ulikuwa mzuri kabisa.

Mpango: sitaomba. Mwanamume wa miaka hamsini na mbili haombi. Nitakuza kipepeo, nitamwonyesha kwenye video, atarudi mwenyewe.

Ijumaa, 24 Septemba

Viwavi! Mistari ya njano, nyeupe na nyeusi. Wanakula kama wageni wa msibani.

Bahizire, jirani yangu, Mkongo wa Bukavu anayefanya kazi kwenye ghala Wetherill Park, akachungulia juu ya uzio. Akauliza kwa nini mimi, Papa Hope, nafuga magugu kwenye ndoo wakati wenzangu wana lengalenga, yaani mchicha.

Magugu! Nikaingia ndani, nikaandika makala ndefu kwenye kundi letu la WhatsApp, Waswahili wa Magharibi. Mmea huu ulitoka Afrika. Ukaja huku, ukaota penye udongo mbaya, ukalisha viumbe, na bado unaitwa gugu. Ni nani mwingine katika mji huu ametendewa hivyo? Na inasikitisha kwamba ndugu zetu wenyewe wamejiunga na waonevu. Sikutaja jina. Nilitaja lengalenga.

Wawili wameweka dole gumba. Mmoja ni mimi.

Alhamisi, 30 Septemba

Balaa. Nilivunja tawi, utomvu ukanichuruzikia vidoleni, mweupe kama maziwa. Nikajifuta jicho. Moto! Binti yetu Hope akaniinamisha bombani, akaniosha, huku akinihubiria kwa Kiingereza kwamba jambo hili kila mtu analijua.

Dorothea akapiga video wakati uleule. Akaona jicho jekundu. Akaniuliza, kwa sauti ambayo sijaisikia siku nyingi, kama nimelia.

Nikakana kwa ukali. Ni utomvu tu! Nikamfafanulia kemia yake, na jinsi sumu hiyo inavyomlinda kiwavi asiliwe na ndege. Akasikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Haya, Baba Hope."

Kwa nini nilifafanua kemia?

Jumatatu, 4 Oktoba

Majani yamekwisha. Viwavi wanazunguka kwenye mashina matupu, na mimi siruhusiwi kwenda mbali kwa zuio la korona, helikopta ya polisi iko juu. Lakini nyuma ya banda la Bahizire, hatua chache kutoka kwenye uzio, gugu lilelile limejiotea. Nimwombe? Baada ya makala ile? Haiwezekani.

Alfajiri nikapanda kreti la maziwa, mkasi mkononi. Nikajinyoosha. Kreti likapinduka. Nikabaki nimening'inia juu ya uzio kama blanketi lililoanikwa. Bahizire ndiyo kwanza anatoka kazini, na kikapu chake cha chakula. Akaweka kikapu chini.

"Papa Hope, si ungeniomba tu? Hii ni magugu."

Akanishusha. Akang'oa mmea mzima, mizizi na udongo wake, akanipa. Kisha akaniuliza Mama Hope anarudi lini. Nikasema ni uamuzi wake. Akasema mkewe Cécile alipokuwa bado kwenye kambi ya wakimbizi Uganda, yeye alimpigia kila Jumapili kumwambia neno moja tu, kwa Kiswahili chao: kuja. Nikamweleza kwamba mimi siamini katika kushinikiza watu.

Akaenda kulala.

Jumamosi, 23 Oktoba

Viwavi wengine walitambaa wakapotea. Mmoja alijifunga chini ya mpini wa ndoo, kwenye kifuko cha kijani chenye vitone vya dhahabu. Leo asubuhi kifuko kimekuwa cheusi na kiangavu, mabawa yanaonekana ndani! Nikamwambia Dorothea akae karibu na simu. Huko bado ni usiku. Akasema atakesha.

Wakati nangoja, Kalume akaandika kundini kwamba vipepeo ni mambo ya watu waliokosa kazi. Kalume, ambaye ameishi huku miaka kumi na hajapanda hata kitunguu! Ningeacha? Nikamjibu. Akanijibu. Nikamjibu tena. Dorothea akapiga mara tatu, nikakata, hoja ilikuwa katikati.

Nilipoinua kichwa, kifuko kilikuwa kitupu kama karatasi ya pipi. Kipepeo alikuwa juu ya uzio, mabawa yameshakauka. Akaruka. Akapita juu ya paa la Bahizire, akaenda.

Nikakaa kwenye kreti. Nikaandika bila kufikiri: Rudi. Nyumba imekuwa kubwa mno. Nikatuma.

Kwenye kundi.

Jumapili, 24 Oktoba

Aibu! Mama Jerusha ameweka mioyo na mistari ya Zaburi. Kalume, hata Kalume, ameandika pole sana mzee wangu. Bahizire ameandika: "Sasa umesema, Papa Hope."

Dorothea naye yumo kundini. Ameusoma ujumbe.

Nimetoa kanusho. Ujumbe ule ulielekezwa kwa kipepeo. Nimeeleza kwa hoja tano. Hope alisoma, akashika kichwa.

Jumamosi, 6 Novemba

Amefika. Uwanja wa ndege, barakoa usoni, amekonda, kitenge kilekile cha bluu alichovaa alipoondoka. Macho yangu yakaanza kutoka maji. Nikamwambia ni utomvu. Akasema Hope alimtumia picha, mmea uliliwa mpaka shina. Nikamweleza kwamba utomvu hukaa mwilini.

"Haya, Baba Hope," akasema. Akanishika mkono, hakuuachia mpaka Mount Druitt.

Nikamuuliza kwa nini hakungoja Pasaka. Akasema alisoma kwamba kipepeo ameitwa na hakurudi. Kuacha mtu anaita bila kuitikiwa si adabu, kwa hiyo ameitika yeye.

Sasa yuko uani, anatia mbegu mpya kwenye ndoo. Anaimba. Namwona kupitia dirisha, karibu kabisa, ningeweza kumgusa bega. Kuna jambo nataka kumwambia, na leo nitaliweka wazi bila kuzunguka. Rasimu iko tayari: utangulizi, hoja sita, hitimisho.

Nitamtumia kesho kwa WhatsApp.