Koti Lenye Nanga Nyuma ya Mlango

Jamani, sura yangu nimeiacha Kilolo. Hapa Ipogolo nimerudi na mwili tu.

Mnaonijua mnaujua ugonjwa wangu. Nakusanya nembo za begani za wanamaji, zile za kitambaa zinazoshonwa kwenye sare kuonyesha askari ni wa kikosi gani. (Za nchi za nje tu. Za jeshi letu sigusi, nina akili timamu.) Nazipata kwenye mitumba. Balo likifunguliwa, wenzangu wanagombea jinzi, mimi nageuza mikono ya makoti. Nikiona nanga, moyo unaruka. Nanunua koti zima, nafumua uzi kwa wembe taratibu, halafu koti namrudishia muuzaji. Huwa ananitazama kwa huruma sana.

Kisha nakesha na simu kutafuta nembo ni ya kikosi kipi. Kazi hii ina utaalamu wake. Nyota ina maana, kamba ina maana, hata rangi ya uzi wa pembeni ina maana. Nimejaza albamu nzima na nilikuwa najiona profesa. (Nilikuwa.)

Sasa kuna Neema. Neema ndiye ninayetaka kumuoa, na baba yake ni mwanamaji mstaafu wa jeshi. Mnaelewa? Mimi na albamu yangu, nipate baba mkwe mwanamaji, huku milimani ambako maji mengi tunayoyajua ni ya mvua! Nikasema hapa Mungu kanipangia mwenyewe. Leo ndiyo ilikuwa siku ya kwenda kwao Kilolo kujitambulisha. Mzee akinikubali, natuma washenga. Akinikataa, ndiyo basi tena. Neema alishaniambia kuwa mwenzangu aliyenitangulia hakuvuka hata salamu.

Nikafika na albamu kwapani. Baridi inakata masikio, ukungu mpaka mlangoni. Mzee yuko sebuleni, kanyooka kwenye kiti.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Kaa."

Nikakaa. Akanitazama. Nikatazama albamu. Akaendelea kunitazama. (Nilitoka jasho, Kilolo, na baridi ile!) Nikiwa natafuta pa kuweka macho, ndipo nikaliona. Nyuma ya mlango limetundikwa koti la bluu iliyokolea, na begani pana nembo. Nanga. Mawimbi. Samaki.

Jamani! Nembo ile sijawahi kuiona popote!

"Baba," nikasema, "naona koti la kikosi bado umelitunza."

Mzee akageuza shingo polepole, akalitazama koti. Akanirudia mimi.

"Unaijua hiyo nembo?"

Mtu mwenye busara hapo angesema hapana. Mimi nikasimama.

"Baba, hii ni ya nyambizi."

"Nyambizi."

"Ndiyo. Samaki yuko chini ya mawimbi, maana yake hawa kazi yao ilikuwa chini ya maji. Na hiki kinachokatiza juu ya nanga ni dira. Bila shaka kilikuwa kikosi cha siri, ndiyo maana mtandaoni hakuna picha yake."

"Cha siri."

"Kabisa, baba."

Neema akaingia na chupa ya chai. Aliposikia habari za nyambizi, macho yakamtoka. Nikadhani ananionea fahari. Akafungua mdomo aseme neno, baba yake akainua kidole.

"Mwache mgeni aeleze. Endelea, kijana."

Nikaendelea! Nikasogea mpaka mlangoni. Nikasema aliyevaa koti hili amepita mahali ambapo sisi tungelia tukimwita mama. Nikasema vijana wa leo hatuna heshima kwa watu kama hawa. Kisha sijui pepo gani lilinipitia, nikabana visigino, nikalipigia koti saluti.

Mlango ukafunguliwa. Koti likanipiga usoni.

Aliyeingia ni mama yake Neema, anatetemeka. "Baridi hii, nami nimesahau koti!" Akanipita, akalitoa lile koti kwenye hanga, akalivaa. Nyuma yake akaingia mama mwingine. Na mwingine. Na mwingine. Wote makoti ya bluu, begani nanga, mawimbi, samaki. Kikosi kizima cha nyambizi kilikuwa kimetoka mazoezi ya kwaya na kimekuja kunywa chai.

"Kamwene!" wakasalimia kwa sauti nne.

Mimi mkono bado uko kwenye paji la uso. Ulikataa kushuka.

"Mgeni anaumwa kichwa?" mama Neema akauliza.

"Mzima kabisa," mzee akajibu. "Anawapa heshima zenu. Anasema mlipigana chini ya maji."

Mama mmoja mnene, mwenye roho nzuri, akanishika bega akanielewesha kama mtoto wa Sunday school. Nanga ni tumaini, imeandikwa kwenye Waebrania. Samaki alikuwa alama ya Wakristo wa kwanza.

"Na mawimbi?" nikauliza kwa sauti ndogo.

"Mawimbi ni ya dunia hii, mwanangu. Kama haya yako."

Na ile dira? Jamani, ulikuwa msalaba. (Nimepata kipaimara mimi. Msalaba nimeuita dira.)

Mara nikasikia sauti kama gari bovu linalowashwa asubuhi. Ni mzee. Anacheka! Neema kaniambia baadaye kuwa kicheko kile hawajakisikia tangu astaafu. Akajifuta macho, akanyoosha mkono. "Lete hilo daftari lako la picha."

Nikampa albamu. Akawa anafunua ukurasa mmoja mmoja, bila haraka. Kwenye nembo moja akasimama, akaipapasa kwa kidole gumba.

"Hawa walikuja bandarini kwetu nikiwa kijana. Tulicheza nao mpira. Mpira hawakuujua, lakini walikuwa watu wa kucheka sana." Macho yake yalikuwa mbali, na mimi nilifurahi hata katika aibu yangu. Kisha akasema, "Umeibandika kichwa chini."

Nikanywa chai katikati ya kwaya, nikaimbiwa, nikaaga. Mzee akanisindikiza mwenyewe mpaka barabarani. Nikawa najiandaa kupokea hukumu.

"Walete washenga Jumamosi," akasema.

Nusura nimkumbatie!

"Na wewe njoo. Ila waongee wao."

Naombeni msinicheke. Naoa, jamani, ilimradi mtu anifundishe kukaa kimya kabla ya Jumamosi.