Mfumo Wangu Umepiga Yowe Bunda

Jamani, Bunda siendi tena mpaka watu wasahau sura yangu.

Iko hivi. Nasoma chuo hapa Musoma, na ili nimalize lazima nitengenezee biashara ya kweli mfumo wa kompyuta. Unamhoji mwenye biashara, unamwangalia akifanya kazi, ndipo unaanza kuchora na kuunda. Ukifeli, unarudia mwaka. Mimi nikachagua duka la maziwa la mama mdogo wangu, Mama Bhoke, kule Bunda. Nikamhoji kwa simu, nimejilaza zangu chumbani Bweri, hapa hapa Musoma. (Kumwangalia? Maziwa yake nayanywaga tangu mtoto, niangalie nini tena?)

Mfumo wenyewe ulikuwa mtamu. Unaingiza maziwa yaliyopokelewa, yaliyouzwa, na yaliyobaki. Hesabu zikipishana, kompyuta inatoa onyo. Sasa mimi mlio wa kawaida nikaudharau. Nikajirekodi nikipiga yowe, lile la wizi wa ng'ombe, ambalo huku kwetu ukilisikia unaacha hata ugali mezani. (Nikajiona mbunifu kweli.)

Leo mwalimu wangu akaja dukani kukagua. Shati jeupe, tai, begi mgongoni. Ili asikose kitu, nikaunganisha laptop na spika ya muziki ya mama, ile kubwa ya barazani. Wateja wakaja, mama akapima, mimi nikaingiza. Mwalimu akawa anaitikia kwa kichwa. Nikaanza kuwaza joho la mahafali.

Ndoo ilipokaribia kuisha, mwalimu akasema tufunge hesabu. Mama akapima yaliyobaki. Nikabonyeza.

"Uwiii! Wezi! Weziiii!"

Sauti yangu hiyo, mtaa mzima. Nikabonyeza kuzima, laptop ikaganda. Kufumba na kufumbua bodaboda wa kijiweni wamejaa, fundi baiskeli na spana yake, na mzee mmoja katoka kwa kinyozi na povu upande mmoja wa uso, fimbo mkononi. Mwizi yuko wapi? Wakatuangalia. Mama wanamjua. Mimi wananijua. Mgeni pale alikuwa mmoja tu, na ana begi.

Wakamkunja mwalimu mkanda wa suruali.

"Mwacheni, hakuna mwizi," nikasema karibu kulia. "Ni kompyuta."

"Kaiba kompyuta!" akadakia mmoja, wakaanza kumpekua begi.

Mama Bhoke akapanda kwenye benchi akawatuliza mmoja mmoja kwa majina yao. Halafu akanigeukia mimi.

"Mwanangu, nimejiibia maziwa yangu mwenyewe?"

Kumbe kilichopungua ni nyongeza. Kila mteja akishapimiwa, mama humwongezea kidogo juu, na hakuna muuza maziwa asiyefanya hivyo. Nyongeza hiyo hiyo ndiyo imenikuza mimi hadi nikafika chuo, na kwenye mfumo wangu haikuwa na mahali. Niliona aibu jamani, nikatamani niingie ndani ya ndoo.

Mwalimu akarudishiwa begi, akapewa kikombe cha maziwa. (Na nyongeza.) Akanywa, akachomekea shati upya, akaniuliza kama nilishawahi kukaa pale hata asubuhi moja nikimwangalia mama akipima. Nikajifanya nakunja waya wa spika.

"Rudia uchambuzi," akasema. "Maksi nitafikiria."

Kwa hiyo nakuomba, wewe uliyerekodi video ya mwalimu akiwa amekunjwa, cheka huko huko nyumbani kwenu. Usiitume kwenye grupu la chuo. Mwenzio bado sijapewa maksi.