Kochi Juu ya Pikapu

Jumatatu, 1 Agosti 1994
Barua kutoka Dar! Kampuni inayoagiza magari ya Kijapani inatafuta wakala mmoja wa Dodoma. Bwana Sostenes wa kampuni hiyo atakuja Alhamisi kutukagua mimi na Tereza, mama wa duka la spea ng'ambo ya barabara hapa Chang'ombe. Tereza! Mikono ina grisi mpaka viwikoni. Hata safari ya Mpwapwa anaendesha gari mwenyewe, kwenda na kurudi. Huo si uongozi.

Mimi ni Mkurugenzi Mtendaji wa Batholomeo na Wanawe. Wana sina, ila jina lina uzito. Magari: pikapu moja. Wafanyakazi: Sila, fundi na dereva. Sila ndiye peke yake, nje ya nyumba yangu, anayejua kwamba sijui kuendesha gari. Yasinta, mke wangu, ameshanitamkia kwamba nikiukosa uwakala huu tunarudi kijijini kulima karanga.

Jumanne, 2 Agosti
Nimeandika kanuni zangu za uongozi. Ya kwanza: mkubwa hukaa kiti cha nyuma. Pikapu haina kiti cha nyuma. Nimemwamuru Sila achukue kochi la sebuleni alifunge kwa kamba kule nyuma kwenye bodi. Yasinta akauliza wageni watakaa wapi. Nikamwambia biashara huria inadai kujinyima. Akaenda kukaa kwenye ndoo.

Jumatano, 3 Agosti
Kanuni ya pili: mkubwa lazima aogopwe. Tereza alikuwa anafagia mlangoni kwake. Nafasi nzuri! Nikamkaripia Sila kwa sauti kubwa, eti matairi yana vumbi (Dodoma, mwezi wa nane!), nikamfukuza kazi papo hapo. Nilipanga nimrudishe jioni kimyakimya. Jioni nikamfuata. Akaniamkia vizuri, shikamoo mzee, halafu akasema Tereza kamwajiri tangu saa nane mchana.

Alhamisi, 4 Agosti
Bwana Sostenes kafika, suti nadhifu. Akaomba nimpeleke Chamwino aone pikapu inavyokwenda. Nikasema kwetu mteja hushika usukani mwenyewe. Akafurahi sana! Mimi nikapanda zangu kwenye kochi. Upepo wa Agosti haujui cheo. Tulipofika nilikuwa mwekundu kuanzia utosini mpaka viatuni, na mchanga mdomoni.

Kisha akataka niizungushe pikapu uwanja wa mpira, yeye asimame pembeni asikilize injini. Nikaketi. Nikarekebisha kioo. Nikafuta dashibodi. Nikapiga honi, mbuzi wakakimbia. Mwishowe akauliza kwa upole kama najua kuendesha. Nikamjibu kwamba kazi ya kiongozi si kujua, ni kukasimu. Akaninyooshea kidole kwenye ufunguo. Nikaona aibu, nikawasha. Pikapu ikaruka mbele mara moja, ikazimika. Kochi likaanguka chini, mguu wake mmoja ukavunjika.

Ijumaa, 5 Agosti
Uwakala kapewa Tereza. Sila kafanywa mkuu wa karakana yake mpya. Nimeumia moyoni, siwezi kuficha. Nimelala mchana kutwa bila usingizi. Yasinta hakunisimanga. Alisema tu niende nikamwombe Sila radhi, na nikiwa huko huko nimwombe anifundishe kuendesha. Nikaenda. Sila hakucheka. Alisema kesho asubuhi, uwanjani, bure.

Jumatatu, 8 Agosti 1994, Nane Nane
Juzi nimeendesha! Hatua sitini, mbele, zimenyooka. Kurudi nyuma bado. Kona pia bado. Machozi yalinilenga. Sila akanipongeza kwa kunishika mkono.

Leo nimemwita mchora vibao. Shule ya Udereva Batholomeo na Wanawe. Mkuu wa Shule: mimi. Karanga zisubiri. Mwalimu atakuwa Sila, namtoa kwa Tereza. Kesho asubuhi navuka barabara kumpa kazi hiyo. Ila nitangoja kwanza Tereza atoke kufagia, nimkaripie Sila kidogo mbele yake, asije akajiona.