Pumzi Zangu kwenye Mashine ya Bibi

Jumatatu, 9 Machi 2015

Hili sijamwambia mtu. Usiku wa sita sasa ninalala na mashine ya Bibi. Barakoa yake usoni mwangu, mpira wake wa hewa shingoni.

Bibi Kostansia ana sukari, ana presha, na akilala pumzi hukatika. Mashine ni ya kumsukumia hewa. Inahesabu yenyewe saa inazovaliwa na kuzipeleka kliniki. Saa zikipungua, wanaichukua. Bibi hataki kuivaa. Atasalije mdomo umezibwa? Kila usiku saa tisa anasali kwa simu na Shangazi Agata aliye Columbus na Baba Mdogo Gaudiosi aliye Buffalo, wote humu humu Marekani. Shangazi amesema mashine ikirudishwa, anakuja kumchukua Bibi akae kwake. Hapa Louisville nimelala chumba kimoja na Bibi tangu nina miaka saba. Basi nikavaa mimi.

Jumatano, 11 Machi

Alama za mikanda mashavuni. Darasani wakauliza. Nikasema nililalia kitabu. Wakaamini haraka mno, nikaumia kidogo.

Mdogo wangu Methodi amenikuta na barakoa. Akaniita rubani. Kunyamaza kwake ni chipsi zangu za wiki nzima. Aliomba za wiki mbili. Anasoma Kiingereza tu, ndiyo maana naandika Kiswahili. Bibi anasoma Kiswahili, ila miwani yake iko juu ya friji. Niliiweka mimi.

Ijumaa, 13 Machi

Kliniki. Mkalimani hakuja, nikatafsiri mimi. Daktari akasema Bibi analala vizuri ajabu, pumzi kama za msichana. Lakini presha bado iko juu. Kama usingizi mzuri hivi haujaishusha, akasema, basi dawa iongezwe. Bibi akauliza amesema nini.

Nilikuwa na ukweli kwa lugha mbili. Haukutoka kwa hata moja. Nikamwambia unaongezewa dawa.

Jumatatu, 16 Machi

Bibi ameanguka jikoni. Aliinuka kutafuta miwani, kizunguzungu cha dawa mpya kikamchukua. Mkono umevimba.

Nilipokuwa nikimkanda kwa barafu, akaniambia ananisikia kila usiku na ile mashine. Anadhani ugonjwa wake umeniingia na mimi naona haya kusema. Ndiyo maana ameniachia. Yeye ameshazeeka, alisema, hewa apewe mtoto. Tangu wiki iliyopita Columbus na Buffalo wanaombea pumzi zangu.

Nililia. Akasema, ona mjukuu wangu, hata kulia kunakukata pumzi.

Jumamosi, 21 Machi

Leo nasema yote. Nimerudisha miwani. Sentensi ya kwanza nimeifanyia mazoezi bafuni. Shangazi anakuja kuuona mkono wa Bibi; nitamwambia, naye atapiga simu kliniki, dawa itapunguzwa kabla Bibi hajaanguka tena.

Shangazi amefika saa tisa mchana. Nasikia kupitia ukuta anamwambia Bibi afungashe, huku hakuna anayemwangalia. Bibi amejibu kwamba hawezi kumwacha mjukuu mgonjwa. Shangazi amesema basi kwanza amwone huyo mgonjwa.

Mgonjwa. Kwamba nikiwa mgonjwa Bibi haondoki, hilo sikuwa nimelifikiria.

Bibi amemeza ile dawa asubuhi, nimemwona. Amepita akishika ukuta. Nitasema Jumatatu, Shangazi akishaondoka. Jumatatu kabisa.

Viatu vya Shangazi kwenye korido. Nimewasha mashine, saa kumi jua linawaka. Daftari linaingia chini ya mto. Mikanda nimeshakaza.