Udaktari wa Rangi ya Mafuta

Jumatatu, 3 Februari

Mwaka huu nimepeleka vijana kumi na wanne chuoni. Peke yangu!

Sawa, sikuwapeleka. Nimewaandika tu kwenye ubao wa wahitimu, ukumbini shuleni, kwa rangi ya mafuta na brashi nyembamba. Na wawili kati yao hawajapata chuo. Lakini bila mkono wangu nani angewajua? Basi.

Orodha kaipiga chapa Mwalimu Mkuu. Jina, kozi, chuo, na jambo la kujivunia. Uuguzi. Uhasibu. Mmoja kilimo, na amebuni mtego wa panya. Wawili waliobaki wameandikiwa "Anasubiri". Namba kumi na tatu ni mjukuu wangu wa kike. Namba kumi na nne ni mjukuu wa Fundi Cherehani, mshonaji, jirani yangu kwa ukuta na adui yangu kwa hiari. Wote wawili wanataka upimaji ardhi, chuo cha ufundi. Shule inapendekeza jina moja tu, na barua inatoka Ijumaa. Wangu ana alama za juu. Ndiye wa kwanza. Sina wasiwasi.

Ila hilo neno! Anasubiri! Kama mgonjwa kwenye benchi.

Jumanne, 4 Februari

Fundi kaja ukumbini, mikono nyuma kama mkaguzi. Akasoma ya mjukuu wake kwa sauti: "Anasubiri. Bingwa wa mita mia, rekodi ya shule." Akasoma ya wangu: "Anasubiri." Kisha nukta. Akaisoma na nukta!

Wangu naye ana la kujivunia. Aliupima uwanja kwa futi kamba, akakuta hizo mita mia ni tisini na moja. Mwalimu Mkuu alikataa liandikwe.

Fundi akaniuliza, kwa upole wa nyoka, wangu anasubiri nini hasa, mvua au mume? Nikamjibu anasubiri bingwa amalizie mita tisa zilizobaki. Kaondoka amenuna. Nimeshinda. Mbona basi moyo unawasha?

Saa kumi jioni. Wanafunzi wametawanyika. Nimebaki mimi, kopo na brashi. Nimefuta "Anasubiri". Nimeandika "Udaktari, Chuo Kikuu". Nikatia kivuli cha dhahabu.

Si uongo. Ni makadirio.

Jumatano, 5 Februari

Raha! Mpishi wa shule kaniita Babu Daktari, kaniongezea chai, kisha kanionyesha goti lake. Nimemwambia apunguze chumvi.

Fundi kapita mara tatu. Miwani juu, miwani chini. Tamu kuliko asali!

Mjukuu hajui lolote. Yuko dukani anakouza misumari. Nitamwambia Jumamosi, akiwa ameshiba.

Alhamisi, 6 Februari

Balaa.

Mwalimu Mkuu kausoma ubao. Kamtuma tarishi nyumbani na barua ya pongezi. Kwa kuwa binti amepata udaktari, nafasi ya upimaji imekwenda kwa anayefuata.

Anayefuata! Kupitia ukutani nasikia cherehani inakimbia. Fundi anamshonea mjukuu wake suruali ya chuo.

Wangu aliisoma barua akiwa amesimama. Hakulia. Alichukua futi kamba akasema, babu, twende. Tulipofika ukumbini akapanda kiti, akapima maandishi yangu kutoka mwanzo hadi mwisho. "Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi," akasema. "Hii yako nimeipima. Sentimita sitini na mbili."

Nilitaka kucheka. Akaniambia mwaka mzima ameuza misumari ya watu akiingoja nafasi hii moja. Kicheko kikarudi kilikotoka.

Lakini mimi si mtu wa kukata tamaa. Nikampa mipango mitatu papo hapo. Kwanza, tuseme Fundi ndiye aliyeandika. Pili, tuseme rangi ilichuruzika yenyewe. Tatu, tuseme babu kachanganyikiwa. Akasema huo wa tatu utaaminika, lakini kesho tutajaribu ukweli.

Ukweli! Sijawahi kuanza nao.

Ijumaa, 7 Februari

Asubuhi na mapema, ofisini kwa Mwalimu Mkuu. Nimekiri. Hakunigombeza. Kanipa kiti, kalamu na karatasi. Maandishi ndiyo yaliyokosa, akasema, maandishi ndiyo yatakayoomba radhi.

Mimi! Wa darasa la nne! Nilitoka jasho saa nzima, ulimi nje. Kasoma na kalamu nyekundu mkononi. Pale nilipoandika "ilitokea kwa bahati mbaya", kaandika pembeni: "Na dhahabu pia?" Kanirudishia nianze upya. Mjukuu mlangoni anatazama saa. Tarishi nje ameshafunga barua ya mjukuu wa Fundi kwenye baiskeli.

Mara ya pili nimepata sita kwa kumi.

Mwalimu Mkuu akatoka mwenyewe, akaichukua ile barua kutoka kwenye baiskeli. Orodha inakwenda kwa alama, akasema, haiendi kwa rangi. Akatia sahihi barua ya mjukuu wangu. Binti kaibeba kwa mikono yake hadi chuoni. Hakumpa tarishi, kwa kuwa tarishi ni rafiki yangu.

Nimesugua ubao kwa msasa mpaka mabega yakalia. Mjukuu kanitangazia masharti: tutaongea salamu na chakula tu.

Kwa Fundi cherehani imenyamaza. Suruali ipo, safari hakuna. Nilimwonea huruma dakika mbili nzima.

Jumatano, 19 Februari

Amepokelewa!

Ujumbe umeingia kwenye simu asubuhi. Akausoma mara mbili, kisha akanipa mimi niusome kwa sauti. Nikasoma polepole, neno kwa neno. Nilipofika "tunafurahi" vumbi likaniingia machoni. Ndani ya nyumba, vumbi! Akanipangusa kwa kanga yake akasema masharti yamekwisha.

Mwalimu Mkuu kaniita niandike "Upimaji Ardhi, Chuo cha Ufundi". Kasimama nyuma yangu mpaka herufi ya mwisho. Dhahabu kaifungia kabatini.

Alipoondoka, tarishi akapanda kubadilisha balbu, nami nikamshikia ngazi. Nikiwa pale chini nikaona kitu. Chini ya namba kumi na nne pana nafasi. Shubiri moja na nusu, tupu, safi.

Na mimi si nilisoma shule hii, enzi ikiwa ya msingi? Miaka minne! Nina insha ya sita kwa kumi, ina wino wa Mwalimu Mkuu. Fundi anayo?

Nimemwandikia tarishi kikaratasi: "Ndugu yangu, leo nimekushikia ngazi, nawe ulikuwa unatetemeka. Sidai kikubwa. Niazime ufunguo wa ukumbi Jumapili, dakika kumi tu. Na ule wa kabati."