Nyaya Nne Kwenye Fundo la Kitenge

Jamani, aibu niliyoipata leo mbele ya mama mkwe, acheni tu. Nawasimulia mwenyewe kabla mchumba wangu Elia hajawasimulia, maana yeye ataongeza chumvi.

Kwanza mjue ninapofanyia kazi. Ni chumba kidogo cha mitambo hapa Kasulu mjini, tunasambaza intaneti ya faiba. Ukutani kuna paneli. Msiogope jina. Mmeuona ule ubao wa funguo pale mapokezi gesti? Kila chumba na msumari wake. Paneli ndiyo hivyo hivyo: safu ya matundu, kila mteja na tundu lake, na kila tundu na waya wake wa njano. Ndani ya waya kuna uzi wa kioo mwembamba kama unywele, mwanga unapita humo. Na kila waya unatakiwa uwe na lebo. (Zangu nilikuwa nitaziandika kesho. Kesho hiyo ilianza mwezi uliopita.)

Leo Elia alikuwa anamleta mama yake kutoka Kibondo. Mama Elia alikuwa hajawahi kuniona. Alichosikia ni kwamba mwanawe amempenda binti anayevaa suruali na kupanda nguzo. Akasema hatoi neno lolote mpaka anione kwa macho yake, tena nikiwa kazini. Posa ikawa inasubiri macho hayo.

Saa nne asubuhi nilikuwa nimechomoa nyaya nne ili nisafishe ncha zake, kwani chembe moja tu ya vumbi inaziba mwanga. Simu ikaita.

"Anitha, tumefika. Tuko mlangoni."

"Mlangoni wapi? Si ulisema saa sita!"

"Mama hakutaka hata chai."

Nikazirudisha zile nyaya mbio mbio. Waya ukiingia sawasawa, kichwa chake hulia "ta!" Hizi hazikulia. Nilizigusisha tu. (Mkiwa mafundi, msifanye hivi.) Nikachomoa kitenge kwenye mkoba, nikaipa paneli mgongo, nikajizungushia juu ya suruali na kufunga fundo la nguvu kwa nyuma, bila kugeuka. Nyaya zilikuwa zinaning'inia usawa wa kiuno changu. Hilo sikulifikiria.

Mlango ukafunguka. Nikasogea hatua mbili mbele, nikainama kama nilivyolelewa, nikapiga makofi taratibu, nikamwamkia kwa Kiha.

"Mwakeye, mama!"

Nikahisi kitu kinanivuta kiunoni, kisha kikaachia. Nikaomba Mungu usiwe mshono wa suruali.

Hapo hapo simu ya ofisi ikaanza kuita. Lakini nyie mnazijua salamu zetu Waha, hazikatizwi! Nikaulizwa wazazi wangu kule Kabanga. Nikaulizwa mvua. Nikaulizwa maharage. Simu inaita, inakata, inaita tena. Mimi bado nimeinama, napiga makofi.

"Haya, mwanangu," akasema hatimaye, "nieleze hii kazi yako."

Jamani, mimi na kueleza! Nikasimama wima kama mwalimu.

"Hapa, mama, siri ni mpangilio. Kila waya una mahali pake. Hakuna hata mmoja unaozagaa."

Mama Elia akaitazama paneli. Akanitazama mimi. Akatazama nyuma yangu.

"Na hizi ulizojifunga mkia, zenyewe ni za nani?"

Nikageuka. Nyaya nne za njano zilikuwa zinaning'inia kwenye fundo la kitenge changu. Elia aligeukia ukuta, mabega yakitikisika kwa kicheko.

Ni za nani? Ndilo swali! Nilijua ni za duka la dawa, shule, gesti na steshenari. Ila upi ni wa nani, bila lebo, sikujua. Ilibidi nijaribu tundu kwa tundu huku nikiwapigia wateja.

"Mimi mbegu za maharage ninazo makopo saba," akasema Mama Elia, "na yote nimeyaandika. Wewe unayeshika mji mzima huandiki?"

"Nisamehe, mama."

"Shughulika na matundu. Simu nipe mimi."

Akalipigia duka la dawa. Mwenye duka akaanza kufoka, nikamsikia mpaka nilipokuwa.

"Mwakeye, baba!" Mama akamkatiza. "Mmeamkaje huko? Watoto hawajambo? Na mama yao?"

Sauti ya upole ikaanza kujibu, moja baada ya nyingine. Mtu wa Kasulu atafokaje akiulizwa watoto? Dakika nne zikapita, intaneti haijatajwa.

"Mimi?" Mama akasema. "Mimi ni mama mkwe wa fundi."

Mkono wangu ukagandia kwenye paneli. Elia akaacha kucheka.

"Hebu tazama, imewaka? Bado? Basi subiri, mkwe wangu anahamisha tundu."

Ikalia "ta!" Ikawaka. Wateja wanne tumewamaliza kwa karibu saa nzima, nusu yake salamu. Hakuna hata mmoja aliyekata simu amenuna.

Lebo nimeziandika zote leo, Mama Elia amesimama nyuma yangu akizikagua. Posa inakuja. Amesema nitafundishwa kufunga kitenge siku hiyo hiyo.

Basi msinicheke. Atakayenicheka, namba yake nampa mama mkwe, amsalimie.